Miezi 8 na kakamera ka mfukoni hapa Mwanza: kalikonifaa na kalikoniangusha (uzi mrefu, tafuta chai)

Mvuka_Ziwa

Wakuu mwangaluka, wa jioni mtanisamehe.

Kuna dada ofisini kaniuliza mara tatu anunue kamera gani ndogo ya picha za kila siku, sio ya biashara, na kila nikianza kumjibu naishia kuongea nusu saa mpaka anaanza kuangalia saa. Nimeona bora niyamwage yote hapa alafu nimtumie linki.

Mimi sio mpiga picha. Kibarua changu kinanivusha Jumatatu na kunirudisha Ijumaa kwa kivuko cha Kamanga, na ugonjwa ulianzia humo humo kwenye kivuko. Umekaa zako juu, unamuona furukombe katulia kwenye jiwe, unatoa simu, unavuta kwa vidole viwili, unachopata ni kama uji wa ulezi uliomwagikiwa maziwa. Nimefanya hivyo mwaka mzima nikachoka.

Nikanunua Canon PowerShot SX620 HS, mtumba, laki 4 na 20 baada ya kubishana sana. Ni mzigo wa 2016, megapikseli 20, zumu mara 25, gramu 182 na betri ndani, inaingia mfuko wa shati ila shati linalalia upande. Haina kale katundu ka kuchungulia, unaangalia skrini tu. Haitoi faili za RAW (picha mbichi ya kupika mwenyewe kwenye kompyuta), haina mudi ya kuchagua kasi ya shata kwa uhuru, ukomo wako ni mudi ya P, ya nusu otomatiki, ambayo angalau inakuachia kuongeza na kupunguza mwanga. Waifai ipo, picha inahamia kwenye simu na unairusha WhatsApp, ingawa siku nyingine inagoma mpaka uzime vyote viwili uwashe upya.

Nianze na ugomvi kabisa: megapikseli. Aliyeniuzia aliimba "20 hizo bosi" kama mhubiri. Sensa ya hii kamera, kile kibao cha ndani kinachodaka mwanga, ina upana wa milimita 6 na kidogo na kimo cha 4 na nusu, ni ndogo kuliko punje ya hindi, na hizo nukta milioni 20 zote zimebanwa humo kama abiria wa daladala ya Igoma saa 12 jioni. Kila nukta inapata mwanga kiduchu. Mchana jua likiwaka huoni shida yoyote, jua likishuka unaona chengachenga kila mahali. Kwahiyo mtu akikutajia megapikseli mwambie asante, sensa ina ukubwa gani?

Ila zumu, aisee, zumu ndio ilinifanya niisamehe mengine yote. Wanaopima kwa milimita inaanzia 25 mpaka 625. Siku ya kwanza nilienda Kisiwa cha Saanane, kuna wale mijusi wa mawe, dume kichwa na kifua rangi ya waridi na mwili buluu, watalii wanawaita Spiderman. Nilisimama mbali kiasi kwamba yeye hakujisumbua hata kuhama, nikavuta mpaka mwisho, magamba ya shingoni unayahesabu. Kwa simu ningepata rangi mbili juu ya jiwe.

Sasa kuna kitu hawakwambii dukani. Lensi ikiwa haijavutwa tundu lake la mwanga ni f/3.2, ukivuta mpaka mwisho inakuwa f/6.6 (namba ikikua, tundu linasinyaa). Kwa lugha ya mtaani, mwanga unaoingia umebaki kama robo, alafu mkono ukitetemeka kidogo picha yote inatetemeka maana umevuta mbali. Kuna kidude ndani kinachotuliza lensi, kinajitahidi, lakini kivuko kina injini. Nilikuwa naegemea chuma cha pembeni nikidhani napata utulivu, kumbe kile chuma ndio kinaniletea mtetemo wote wa injini mpaka kwenye viwiko. Simama katikati, usiguse kitu, viwiko vibane mbavuni, piga tano sita, moja itakuwa nzima. Nimegundua hilo baada ya kufuta picha kama 300 za Jiwe la Bismarck.

Skrini juani: saa 7 mchana ziwani huoni kitu, unaona uso wako mwenyewe umekunja ndita. Navua kofia naifunika juu ya skrini, watu wananiangalia, sawa tu.

Usiku ndio imeniangusha. Pale nyumbani Kirumba wakati wa giza, mwezi haupo, unaona taa za mitumbwi ya dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Nikaenda na kamera yangu, na mdogo wangu na simu yake ya kawaida tu ya laki 5. Yake ilitoka safi, maji yanaonekana, anga inaonekana. Yangu ilitoka na vinundu vya njano kwenye uji mweusi. Sikulala vizuri. Baadaye ndio nikaja kuelewa kwamba simu za sa hivi zinapiga picha nyingi haraka haraka alafu programu inazichanganya kuwa moja, wakati hii kamera ya 2016, nilivyoiweka, ilipiga moja na kunipa ilivyo. Nikiiweka juu ya ukuta na kuweka taima ya sekunde 2 inakuwa na afadhali, lakini nani anatembea na ukuta.

Betri wanasema picha 295 kwa chaji moja, mimi napata 200 na kitu kwa sababu napenda kuangalia angalia nilichopiga. Inatumia betri ya NB-13L, ile ile ya kamera ya Canon G7 X, kwahiyo kuipata sio kazi ngumu. Nina mbili.

Hayo ndio ya kwangu. Wenye zingine mwageni, na wenye maswali karibuni.

---

Gari_la_Mkaa

Umeandika vizuri mkuu ila mimi sijaona sababu. Laki 4 na 20 ungeongezea kwenye simu ukapata simu kali. Simu unayo mfukoni muda wote, kamera utaiacha nyumbani siku ya maana.

---

Mvuka_Ziwa

Sikubishii mkuu. Kama unapiga chakula, watoto sebuleni, risiti na sherehe za usiku, baki na simu, kwa kweli kamera hii itakupunguzia ubora. Mimi vitu ninavyovipenda viko mbali na viko juani. Tofauti ni hiyo tu.

Alafu kuna kingine nilikisahau: kamera haipigi simu. Nikiwa na simu nikiinua kupiga picha inaingia meseji ya deni, basi furukombe kaenda.

---

dada_Nyegezi

Hahaha meseji ya deni. Kaka mimi nipo chuo huku Nyegezi, wenzangu wote wamepagawa na vikamera vya zamani vile vya CCD (aina ya sensa ya zamani), wanasema rangi zake tamu kuliko simu. Kuna mtu ananiuzia Canon IXUS 185 kwa laki 2 na nusu. Nichukue? Mimi ni za marafiki tu, mahafali, hosteli, tukienda ufukweni.

---

Fundi_Lensi

Dada shikamoo naipokea kabla hujanipa, umri umeenda.

Mimi natengeneza hivi vitu, niko mjini kati, sitangazi biashara ndio maana sisemi wapi. IXUS 185 ni ya 2017, kweli ina CCD, megapikseli 20, zumu mara 8. Video yake inaishia 720, usitegemee ya kuringia. Ndani ya chumba bila flashi itakupa chengachenga kama alivyosema mleta uzi, lakini vijana wa sa hivi ndio mnachokitafuta hicho, flashi inampiga mtu usoni nyuma kunabaki giza, mnasema kuna hisia. Kwa kazi hiyo inatosha. Hizo rangi tamu msiipe CCD sifa zote, nyingi zinatoka jinsi kamera yenyewe inavyopika picha ndani, na flashi. Laki 2 na nusu ni bei ya fasheni, kabla hamjaanza kuvitafuta watu walikuwa wanaviacha kwangu bila hata kuvifuata.

Sasa nisikilizeni wote mnaonunua mtumba, maana vimeo vyenu vinaishia mezani kwangu.

Washa, izime, washa, mara tano. Lensi itoke na kurudi bila kusita. Sogeza sikio, ukisikia krr krr kama mtu anatafuna mchanga, ni mchanga kweli. Hizi lensi za kutoka na kurudi zinavuta hewa ndani kila zikitoka, na hapa kwetu hewa ina vumbi. Siku moja punje inakaa kwenye gia, lensi inabaki nje imetoa ulimi, skrini inakwambia hitilafu ya lensi, washa upya. Kufungua na kusafisha bei yake inakaribia ya kamera, wengi wananiachia.

Alafu vuta zumu mpaka mwisho, piga anga tupu au ukuta mweupe. Ukiona madoa ya kijivu yanayokaa sehemu ile ile kila picha, vumbi limefika kwenye sensa. Kwa kamera hizi huwezi kuvua lensi ukafuta, ni kufungua yote.

Toa betri uilaze mezani. Ikicheza kama bembea imevimba, haitakiwi.

Na wale wa mizigo ya Japani, angalieni lugha. Sony nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani menyu yake ni Kijapani tu, hakuna Kiingereza, na mimi sina dawa ya kukuhakikishia. Canon kwa kawaida unaingia unabadili lugha maisha yanaendelea.

---

dada_Nyegezi

Marahaba nimejipa mwenyewe basi 😂 shikamoo mzee wangu. Nimeelewa, kesho naenda na sikio.

---

Pimbi_wa_Capri

Fundi umenigusa hapo kwa Sony. Mimi nina RX100 ile ya kwanza kabisa ya 2012, na ni ya Kijapani. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nabonyeza kwa kukariri, tatu chini mbili kulia, kama namba ya siri ya benki. Mpaka leo kuna menyu sijawahi kuingia naogopa.

Lakini mleta uzi, kwenye ukubwa wa sensa ndio nataka niongezee. Ya kwangu inaitwa sensa ya inchi 1, jina tu, sio inchi kweli, ni milimita 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu eneo lake ni kama mara 4 ya hiyo yako. Megapikseli ni zile zile 20. Lensi inaanzia f/1.8. Hizo taa za dagaa ningekutolea na mtumbwi wenyewe. Nakubali sio kama simu mpya za bei mbaya, ila ina RAW, unaikaanga mwenyewe kwenye kompyuta.

Kinachouma ni kwamba zumu yake inaishia milimita 100. Furukombe wako kwangu ni nukta. Nilimpiga yangeyange pale Capri Point akiwa hatua kama 15 nikampata mdogo kama kipande cha karatasi. Na bei, nilinunua laki 8, mke wangu anajua laki 3, tafadhali.

---

Mvuka_Ziwa

Siri yako imekaa vizuri hapa mbele ya watu wote mkuu.

Hapo umesema kitu ambacho kilinisumbua kabla sijanunua. Ukitaka sensa kubwa NA zumu ndefu, mwili wa kamera unakua, na haingii tena mfuko wa shati. Lazima uache kimoja. Mimi niliacha usiku, wewe umeacha ndege.

---

Mama_Dagaa_Igombe

Habari zenu wanangu. Mimi nafuatilia tu, nauza dagaa, nataka kupiga picha za mzigo nitume kwa wateja wa Dar na Congo. Kwa simu dagaa wangu wanatoka weupe kama karatasi, mteja anasema umewatia chokaa. Hii kamera ingenisaidia?

---

Mvuka_Ziwa

Shikamoo mama. Usinunue kamera kwa hilo, simu yako inatosha, shida ni mwanga. Dagaa wanang'aa kama fedha, na simu ikikuta eneo kubwa lenye kivuli pembeni inaongeza mwanga ili kivuli kionekane, dagaa wanaungua. Hata kamera yangu inafanya hivyo hivyo. Gusa kwenye skrini juu ya dagaa wenyewe, kitatokea kialama kama cha jua, kishushe chini kidogo mpaka uone mistari ya mgongoni. Na piga asubuhi saa 2 au jioni saa 11, jua likiwa la ubavuni kila dagaa anakuwa na kivuli chake, wanaonekana mmoja mmoja. Saa 7 mchana jua la utosini hata fundi hawezi.

Kwenye picha za watu ni kinyume chake mama. Mtu akisimama ziwa likiwa nyuma yake, maji yanawaka, kamera inajibana, uso wake unatoka mweusi tii huoni macho. Hapo unaongeza mwanga, au unailazimisha flashi iwake japo ni mchana kweupe. Watu wanacheka, "flashi ya nini na jua lote hili", lakini ikiwa mko karibu inajaza uso vizuri kabisa. Picha zote za kipaimara cha binti wa kaka yangu nimepiga hivyo.

---

Gari_la_Mkaa

Haya hapo kwenye flashi mchana nimejifunza, siwezi kukataa.

---

Bwiru_Boi

Wakuu memori kadi je? Nimeona ya GB 128 inauzwa buku 12.

---

Mvuka_Ziwa

KIMBIA.

Hili nilisahau kuandika kumbe ndio lililoniuma kuliko yote. Kadi yangu ya kwanza niliinunua duka moja la mjini, sitalitaja, imeandikwa GB 64, bei ya kutupa. Ikafanya kazi wiki sita bila neno. Nikaenda Ukerewe kwenye msiba wa babu, nikapiga wazee wote waliobaki, nikapiga nyumba yake, nikapiga mashine yake ya cherehani ikiwa bado na kitambaa. Narudi nyumbani nafungua, picha za mwanzo zipo, baada ya hapo ni mistari ya kijivu. Kadi ilikuwa ya GB 8 imeandikwa uongo ndani na nje. Ikijaa hizo 8 haikwambii, inaendelea kukuitikia ndio ndio huku inatupa.

Nilirudi dukani nikaambiwa kadi zikishafunguliwa hazirudishwi.

Sasa hivi nikinunua kadi, kabla ya kuiweka kwenye kamera naichomeka kwenye kompyuta naijaza mpaka mwisho na naisoma tena. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw inafanya hiyo kazi yenyewe, inachukua muda, acha ifanye ukalale. Kadi ya GB 32 ya kweli inakutosha, kamera hii haina faili kubwa.

Yule mzee mwenye miwani, mdogo wake babu, amefariki mwezi wa tatu. Ndiye alikuwa kwenye hiyo sehemu ya kijivu.

---

Fundi_Lensi

Pole sana kijana.

---

Mama_Dagaa_Igombe

Pole mwanangu. Mungu awapumzishe wazee wetu.

---

dada_Nyegezi

Pole kaka.

Nimerudi na majibu. Nilienda na sikio. Ya kwanza ilikuwa inatafuna mchanga kweli, muuzaji akasema "hiyo ni sauti yake". Nikamwambia washa tena, mara ya nne ulimi ukabaki nje. Akaniangalia nikamwangalia. Nimechukua ya mtu mwingine, IXUS hiyo hiyo, laki 2 na 20, inawaka kimya, ukuta mweupe hauna doa. Nimeshaipeleka hosteli, kila mtu anataka apigwe flashi usoni.

Swali moja tu: nimesafisha picha kumi studio, kwenye karatasi ile ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, wenzangu wote wamekatwa vichwa. Kwenye skrini vilikuwepo!

---

Mvuka_Ziwa

Hongera dada! Hapo kamera haina kosa. Picha yake ina umbo la 4 kwa 3, ile karatasi ni 3 kwa 2, ndefu zaidi. Mashine inajaza upana alafu inakata juu na chini. Kwahiyo ukipiga acha nafasi juu ya kichwa, au mwambie wa studio aache ukingo mweupe asikate. Kwenye yangu nimeiweka 3 kwa 2 kabisa ndani ya setingi, angalia kama na yako inayo.

Mimi nilijifunza kwa mama mmoja pale mwaloni Kirumba. Nilimpiga akianua dagaa, akaiangalia kwenye skrini akasema nzuri, ila mimi za kwenye simu sizitaki mwanangu, niletee ya kushika. Nikaenda kusafisha nikampelekea. Akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na magamba, akaitazama mudaa mrefu, akaniuliza, "Kilemba changu umekipeleka wapi?"

Nimerudia kusafisha, kilemba chote kipo. Anasema Jumamosi anamleta na mume wake.